Kuihuisha baskeli ya urithi: mwongozo kwa wenye baskeli kongwe Unguja na Pemba

Baskeli kongwe za visiwani kwetu huharibiwa na vitu viwili. Cha kwanza ni chumvi, iliyomo hewani, ukutani na kwenye maji ya kisima. Cha pili ni haraka ya mrithi anayetaka kuiona inameta kabla ya Idi. Huipeleka kupulizwa rangi, ikarudi nyeusi tii, lakini nembo imefunikwa, mistari ya dhahabu imepotea, na gololi za ndani bado zimekauka vile vile. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeachiwa baskeli na mzee wake, anataka ipandike tena, na anataka ibaki ile ile aliyoipanda mzee. Kwangu mimi rangi ni kazi ya mwisho, na ndogo kuliko zote.

Nazungumzia hasa zile baskeli nzito zenye breki za vyuma (zinazovutwa kwa fito badala ya waya) na tairi za inchi 28: Raleigh, BSA, Phillips na Hercules kutoka Uingereza, pamoja na Phoenix ya China na Hero na Atlas za India zilizofuata umbo hilo hilo.

Kabla ya kushika spana

Anza na watu wa nyumbani. Baskeli ya marehemu ni mirathi, hata kama imeegemea ukumbini kwenu miaka mingi na hakuna aliyeiulizia. Waulize ami zako, mashangazi na ndugu zako kabla hujafungua nati hata moja, na uwaeleze unachotaka kufanya. Aliyeombwa ridhaa mapema hukupa na dua juu yake. Aliyekuja kukuta fremu imetundikwa mwembeni na vipande vimetandazwa juu ya jamvi huona haki yake imechezewa.

Mazungumzo hayo yana faida ya ufundi pia. Shangazi ndiye atakayekumbuka kwamba tandiko si lile la mwanzo, au kwamba taa ya dainamo ilivuliwa ikatiwa kwenye kasha na bado imo. Swali zuri la kumuuliza ni hili: "Shangazi, babu alikuwa akipakia nini?" Mzigo huacha alama. Keria iliyolalia upande mmoja kwa magunia ya karafuu, au madigadi yaliyokwaruzwa na tenga la samaki, ukishajua sababu yake hutaipiga nyundo inyooke.

Kisha piga picha. Piga pande zote mbili, kila kiungo, kila waya, na zaidi mpangilio wa vyuma vya breki, kwa maana hivyo ndivyo vinavyowatesa watu wakati wa kufunga.

Kuijua ni ya wapi na ya lini

Tazama nembo ya mbele, chini ya sukani. Raleigh ina kichwa cha ndege korongo na jina la Nottingham, mji ambao kampuni hiyo ilianzia katika miaka ya 1880. BSA ina bunduki tatu zilizoegemezana, kwa sababu kiwanda hicho cha Birmingham kilianza kwa silaha. Raleigh iliinunua kazi ya baskeli ya BSA mwaka 1957, na mwaka 1960 ikaungana na kundi lililokuwa na Phillips na Hercules. Kwa hiyo usishangae kuikuta Phillips ya baada ya hapo ina vipande vya Raleigh, wala usidhani kuna fundi aliyemchezea babu yako.

Kama baskeli ina gia tatu, futa uchafu kwenye habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, uisome. Habu za Sturmey-Archer za aina ya AW, zilizoanza kutoka mwaka 1936, kwa kawaida zimepigwa muhuri wa tarehe. Ukiona AW na chini yake 58 na 3, habu hiyo ilitengenezwa Machi 1958. Nimewahi kumwona mzee wa Wete akisomewa namba hiyo, akakaa kimya, kisha akasema huo ndio mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza. Angalia tu kwamba gurudumu la nyuma halikubadilishwa, maana hapo tarehe ni ya habu peke yake.

Kama kuna kibati cha namba, stika ya duka iliyochakaa au jina lililochorwa kwa mkono, usikiguse. Hivyo havinunuliki popote.

Vifaa

Seti ya spana, pamoja na ile nyembamba ya koni za habu, yaani vile vipande vya ekseli vinavyobana gololi. Ufunguo wa spoku, nyundo, tupa, bisibisi, plaizi, brashi ya waya laini na mswaki wa zamani. Mafuta ya taa, dizeli, grisi ya beringi za gari, mafuta ya cherehani. Siki nyeupe, magadi, ukwaju, karatasi ya foili, stiliwaya nyembamba kabisa. Vitambaa vya kanga kuukuu, vingi. Makopo matupu ya maziwa kiasi cha kumi, na kila kimoja kiandikwe kilichomo. Barakoa kwa siku ya msasa.

Spana za Kichina za milimita mara nyingi hazikai sawasawa kwenye nati za baskeli za Kiingereza, ambazo vipimo vyake ni vya inchi. Spana inayocheza hula kona za nati. Azima ya inchi kwa fundi wa zamani kuliko kulazimisha.

Hatua ya 1: Osha chumvi

Watu wengi huanza kwa kukwangua kutu. Mimi naanza na maji. Chumvi iliyojificha ndani ya kutu huvuta unyevu wa hewa, na ukiifunika kwa mafuta au rangi bila kuiosha, kutu huendelea chini kwa chini hadi rangi ivimbe. Osha baskeli nzima kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza, uache ikauke juani, kisha urudie siku ya pili.

Maji yawe matamu. Visima vingi vya pwani, hasa upande wa mashariki wa Unguja, vina maji ya chumvi, na kuoshea baskeli maji hayo ni kuiongezea ugonjwa. Maji ya mvua yaliyokingwa ndiyo bora. Usielekeze bomba la nguvu kwenye habu wala kwenye sehemu ya krenki, ile mikono inayobeba pedeli.

Hatua ya 2: Pima uzima wa fremu

Hapa ndipo unapoamua kama baskeli itapandwa au itakuwa ya kutazamwa. Chukua sarafu, ugonge kila mrija taratibu kutoka juu kwenda chini. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti iliyokufa. Kaa sana kwenye sehemu tatu: sanduku la krenki chini kabisa, ambako maji yote yanayoingia kwenye fremu hutua, mirija miwili inayokwenda gurudumu la nyuma, na shingo ya uma wa mbele. Pale unapotilia shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama, usiipande.

Fremu iliyotoboka hutibika, ila usiipeleke kwa fundi geti wa umeme. Mirija hii ni myembamba na viungo vyake viliunganishwa kwa shaba. Welding ya umeme huchoma mrija pembeni ya kiungo, ukaja kukatika hapo hapo baadaye. Tafuta fundi anayechomelea kwa gesi na shaba.

Fremu ikiwa nzima, vua nguzo ya tandiko na umimine ndani mafuta kidogo ya injini, yale mapya. Igeuze geuze fremu mafuta yasambae kwenye mirija yote, kisha uiache isimame juu ya makaratasi usiku kucha yachuruzike. Kazi hii haionekani na mtu, lakini ndiyo itakayoipa fremu miaka mingi zaidi.

Hatua ya 3: Legeza bila kuvunja

Tia dizeli kila penye nati, asubuhi na jioni, kwa siku kadhaa, huku ukigonga gonga kidogo ili ipenye. Subira hapa ni sehemu ya ufundi. Nati ikigoma, jaribu kwanza kuikaza nywele moja, kisha uilegeze. Mara nyingi kule kukaza ndiko kunakovunja kutu.

Sukani haitoki kwa kuvutwa. Legeza boliti ya juu mizunguko minne au mitano, weka kipande cha mti juu yake, upige pigo moja. Kabari ya ndani itashuka na sukani itaachia.

Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume: unazungusha kama unakaza. Kikombe cha kulia cha sanduku la krenki nacho kwenye baskeli hizi za Kiingereza ni cha kinyume, na ushauri wangu ni usikitoe kabisa. Kisafishe kikiwa mahali pake.

Hatua ya 4: Kotapini

Hapa ndipo baskeli nyingi za urithi zinapojeruhiwa. Krenki imeshikwa na kotapini, yaani pini yenye ubavu mmoja bapa, na fundi asiyeijua huipiga nyundo krenki ikiwa inaning'inia. Nguvu yote ya pigo inapita kwenye ekseli na kutua kwenye gololi na vikombe, ikaacha vishimo ambavyo hutavisahau kila ukikanyaga.

Tafuta kipande cha bomba la chuma kinachofika kutoka sakafuni hadi chini ya krenki, chenye tundu kubwa kuliko kichwa cha pini. Zungusha krenki mpaka nati itazame juu na kichwa kinene cha pini kiingie ndani ya bomba. Krenki iketi juu ya bomba hasa, isipwaye. Legeza nati ifike usawa wa ncha ya pini, ili izilinde nyuzi, ile mikato ya kufungia nati. Kisha piga pigo moja la uhakika, lililonyooka, kwa nyundo nzito. Vipigo vidogo vidogo huipinda pini tu. Ikikataa, tia dizeli tena, subiri siku moja, urudie. Yule mwenye jiliwa dogo la kubania chuma anaweza kuisukuma pini kwa kipande cha bomba upande wa pili bila nyundo, na hiyo ni bora zaidi.

Pini ikitoka, nunua mpya, zote mbili. Nenda na ya zamani mkononi. Za Kiingereza nyingi ni milimita 9.5, nyingine ni 9, na tofauti hiyo ndogo huifanya krenki itikisike. Pini mpya karibu kila mara inahitaji kupigwa tupa ubavuni mpaka ikae: piga kidogo, jaribu, piga tena, na ubavu ubaki bapa. Ziingizwe kwa kupishana, yaani krenki zikiwa zimelala, nati ya upande mmoja itazame juu na ya pili itazame chini. Ukiziingiza upande mmoja zote, pedeli hazitakuwa kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 5: Gololi

Tandaza kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua koni yoyote, kwa sababu gololi zitaanguka. Hesabu za kila upande, kila upande na kopo lake. Habu ya mbele kwa kawaida ina gololi 10 kila upande za inchi 3/16. Ya nyuma isiyo na gia za ndani ina 9 kila upande za robo inchi. Sanduku la krenki lina 11 kila upande, nazo za robo inchi. Ukikuta pungufu, kuna fundi aliyezipoteza akafunga hivyo hivyo.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki. Shika koni kwenye mwanga wa jua uizungushe polepole. Mstari unaong'aa pale gololi zinapopita ni dalili ya uzima. Vishimo kwenye mstari huo maana yake koni imekwisha. Pitisha ukucha juu yake; ukucha husikia kile ambacho jicho halioni.

Gololi badilisha zote, hata kama zinaonekana nzima, kwa kuwa ni rahisi na huchakaa pamoja. Vikombe na koni usivitupe haraka. Raleigh zilitumia nyuzi zao wenyewe, 26 kwa inchi, ambapo BSA na wengine walitumia 24 kwenye sanduku la krenki. Kikombe kipya cha India dukani huenda kikaingia mzunguko mmoja kisha kikakaba, na ukikilazimisha kwa spana umeharibu nyuzi za fremu. Kipande chochote kipya kiingie kwanza kwa mikono mitupu.

Jaza grisi kwenye kikombe, zipange gololi, funika, kisha kaza koni hadi gurudumu lisiwe na mchezo wala lisikabe. Acha mchezo mdogo kabisa kabla ya kukaza nati ya nje, maana nati huisukuma koni ndani kidogo. Kipimo changu ni hiki: inua gurudumu juu na uliache lenyewe. Likiwa sawa, uzito wa valvu peke yake utalizungusha taratibu mpaka valvu ifike chini.

Habu ya gia tatu usiifungue kama huijui. Nyingi zimekauka tu. Ina tundu dogo lenye kifuniko: tia humo mafuta ya taa kijiko kimoja, zungusha gurudumu, lilaze upande yatoke na uchafu, halafu tia mafuta mepesi. Grisi haina kazi ndani ya mashine ile. Baadaye rekebisha kijimnyororo chake. Weka gia ya pili, chungulia kwenye kitundu cha nati ya kulia. Ncha ya kijiti cha ndani iwe sawa na mwisho wa ekseli. Ikiwa nje au ndani zaidi, gia itateleza, na ukiwa umesimama kwenye pedeli unapanda mlima utaanguka.

Hatua ya 6: Kutu na kung'arisha

Kwenye kromu anza na mkono mpole kabisa. Kunja foili, ichovye majini, sugua kwa duara. Foili ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu bila kuchuna. Penye ukaidi ndipo utumie stiliwaya nyembamba yenye mafuta.

Nati na boliti zisizo na rangi wala kromu zilaze ndani ya siki usiku mmoja, zisugue, kisha zitie kwenye maji ya magadi ili kuua asidi, zikaushe juani na uzipake mafuta saa hiyo hiyo. Usizitumbukize springi wala gololi, kwani asidi huweza kuufanya ule chuma mgumu ukatike.

Kengele na vitu vya shaba, tumia ukwaju kama unavyosugulia deli la kahawa, usuuze vizuri. Ila nembo ya mbele usiitie ukwaju. Bati lake ni jembamba na rangi iliyomo kwenye michoro itatoka. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, basi.

Hatua ya 7: Magurudumu na tairi

Baskeli za Kiingereza za aina hii mara nyingi zina spoku 32 mbele na 40 nyuma. Zipitishie ukucha moja moja zilie. Sauti zinazokaribiana ni dalili ya mvutano sawa, iliyokufa imelegea. Zilizokatika pima kutoka kwenye kikonyo hadi ncha, ununue urefu huo huo.

Pindua baskeli, tia gurudumu kwenye uma, shika chaki karibu na rimu uzungushe. Chaki itagusa pale rimu ilipokimbilia. Legeza spoku ya upande huo robo mzunguko, kaza ya upande wa pili robo mzunguko, zungusha tena. Breki za vyuma hushika ndani ya rimu, zikipanda kuelekea nje, kwa hiyo angalia pia kama rimu inapanda na kushuka, si kwenda kushoto na kulia tu.

Ukienda kununua tairi, sema "28 kwa moja na nusu" kisha hakikisha kwa macho namba 635 imeandikwa ubavuni. Kuna tairi nyingine zinazoitwa 28 zenye namba 622, ambazo hazikai kwenye rimu hii hata ufanyeje. Saizi ya 635 bado inatengenezwa India na China, na maduka ya spea mjini huwa nayo au hukuagizia. Kabla ya kuvalisha, zungushia ndani ya rimu utepe wa mpira kufunika vichwa vya spoku.

Breki, mnyororo na tandiko

Raba za breki badilisha zote nne, uziache zikae kama milimita tatu kutoka kwenye rimu. Viungo vya vyuma vitie tone la mafuta ya cherehani, moja tu kila kiungo, ukihakikisha hayafiki kwenye rimu. Ujue mapema kwamba rimu ya kromu ikilowa, breki hizi karibu hazishiki. Kwenye miteremko ya Pemba mvua ikinyesha, shuka usukume.

Mnyororo ni wa nusu inchi kwa inchi moja ya nane. Pima inchi 12 kutoka pini hadi pini. Ukikuta imezidi kwa moja ya nane ya inchi, umekwisha na utakula meno ya gurudumu la mbele, ambalo kwenye Raleigh lina vichwa vya ndege vilivyokatwa kwa ustadi na hutalipata tena kirahisi. Kile kibanio cha kufungia, upande uliozibwa utangulie mwendo wa mnyororo. Ukikigeuza, kitang'olewa na chochote kitakachokigusa. Acha ulegevu wa kiasi cha sentimita moja na nusu katikati.

Tandiko la ngozi, kama lile la Brooks, likiwa limekauka lisiloweshwe mafuta ya nazi. Nimeona mengi yaliyolegea yakawa machela. Lifute vumbi, paka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta kidogo ya mnyama, nyembamba, uiache ngozi iinywe, urudie baada ya siku. Nati ya mvutano iliyo chini ya pua ya tandiko kaza robo mzunguko tu, na kama ngozi imepasuka usiikaze kabisa. Umbo lile limefinyangwa na mwili wa mzee wako kwa miaka, na hakuna duka linaloliuza.

Rangi

Futa rangi ya zamani kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha polishi ya gari, sehemu ndogo kwanza. Mara nyingi ile rangi unayoiona ya kijivu ni vumbi na kuchomwa na jua, na chini yake weusi upo. Mistari ya dhahabu na maandishi usiyasugue. Yapapase tu kwa pamba.

Penye chuma kitupu peke yake, kwangua, paka dawa ya kuzuia kutu, praima, kisha rangi nyeusi ya mafuta kwa brashi ndogo ya kuchorea. Msasa tumia wenye maji, vaa barakoa, na watoto wawe mbali, kwa sababu rangi za zamani huenda zikawa na risasi na vumbi lake ni sumu. Kusanya makapi yake, usiyafagilie uani.

Chagua Januari au Februari, jua kali na mvua ni chache. Rangi iliyopakwa wakati wa masika hukauka juu, ikabaki na unyevu chini. Ukimaliza, paka nta juu ya fremu nzima, ya zamani na ya kiraka.

Kupanda na kutunza

Funga ukifuata picha zako, grisi kidogo kwenye kila uzi na kwenye nguzo ya tandiko. Safari ya kwanza iwe fupi, mahali tambarare, mchana, na spana mfukoni. Sikiliza. Mlio wa "tak" kila mzunguko wa pedeli ni kotapini. Mlio unaofuata gurudumu ni spoku au koni.

Nyumbani usiiegemeze kwenye ukuta wa mawe na chokaa, hasa Mji Mkongwe. Kuta hizo hunywa unyevu na kutoa chumvi, na utaona kutu pale pale sukani inapogusa. Isimamishe kwa stendi juu ya kipande cha ubao, uifunike kwa kanga. Nailoni hufungia jasho ndani. Ukipita nayo ufukweni, ioshe siku hiyo hiyo.

Baada ya safari hiyo ya kwanza, rudisha krenki juu ya lile bomba, gonga kichwa kinene cha kila kotapini mara moja na ukaze nati yake tena. Pini mpya hujikalisha ikishabebeshwa uzito wa mtu, na ikiachwa na mchezo huo itajichonga yenyewe kabla ya mwezi kwisha. Fanya hivyo tena wiki inayofuata.